UCHAMBUZI: Sanduku la huduma ya kwanza si pambo la kuridhisha trafiki

AJALI haina kinga, wahenga walisema. Hata hivyo, mengi yanayofuata ajali yana kinga, na hilo ndilo wakazi wa Kericho na Bomet wanafaa kutafakari kila wanapotazama sanduku la huduma ya kwanza ndani ya matatu au kwenye ukuta wa kiwanda cha majani chai.

Jioni ya Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likagonga magari, wachuuzi na wapita njia. Watu 52 walifariki. Awali, Oktoba 10, 2018, zaidi ya watu 50 waliangamia katika ajali ya basi eneo la Fort Ternan, kaunti iyo hiyo.

Katika mikasa ya aina hii, wa kwanza kumfikia majeruhi aghalabu si daktari. Ni mwendeshaji bodaboda, mama mboga au utingo. Swali ni je, mikononi mwao wana nini?

Sanduku lenye plasta chache, pamba na tembe za maumivu huenda likamridhisha afisa wa trafiki, lakini halimfai mtu aliyekatika mshipa. Damu inayobubujika inaweza kuua kwa dakika chache, kabla gari halijafika hospitali ya rufaa ya Kericho, Longisa au Tenwek.

Kwa hivyo, kigezo cha kwanza cha kuchagua sanduku ni kile kinachoua upesi. Panahitajika glavu, shashi nyingi, bandeji pana za kugandamiza jeraha, bandeji za pembetatu, makasi ya kukata nguo na mkanda maalumu wa kukaza mkono au mguu unaovuja damu. Kamba nyembamba au waya si mbadala wa mkanda huo, kwani hukata nyama bila kuziba mshipa.

Kigezo cha pili ni mahali na kazi. Shambani kuna visu vya kupogolea na mashine za kuchuma majani. Kiwandani kuna mvuke na tanuri, hivyo shuka safi za kufunika majeraha ya moto ni lazima, baada ya kuyapoza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia hayana nafasi hapo.

Aidha, nyanda hizi za juu zina baridi na mvua. Mwili uliopoteza damu ukipoa, damu huganda polepole na hatari huongezeka. Blanketi jepesi la kuhifadhi joto, ambalo wengi huliona kuwa anasa, ni sehemu ya tiba.

Kigezo cha tatu ni mtumiaji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuweka sanduku la huduma ya kwanza mahali panapofikika kwa urahisi. Lakini sanduku lililofungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa mfukoni mwa msimamizi aliyekwenda mjini, ni sawa na kutokuwa nalo. Vilevile, mkanda wa kuzuia damu mikononi mwa asiyefunzwa unaweza kufungwa vibaya. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo nchini.

Pengo kubwa limo miongoni mwa wakulima wadogo. Kituo cha kununulia majani chai hukusanya watu wengi siku za mavuno, na mara nyingi kiko kando ya barabara. Sanduku moja lililojazwa vyema, pamoja na watu wawili waliofunzwa katika kila kituo, lingewafaa wakulima na wasafiri vilevile. Gharama yake inaweza kugawanywa kati ya wakulima, viwanda na serikali za kaunti.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa anayevuja damu kando ya barabara, haki hiyo haianzii kwenye lango la hospitali. Huanzia kwa jirani aliye karibu naye, na kwa kilichomo ndani ya sanduku.