Umio Uchunguzwe Kabla ya Kuziba

Tonge linapoanza kumkwama kooni mkulima wa Shinyanga au mchimbaji wa Geita, hudhani ni vidonda vya tumbo. Huacha ugali akanywa uji; uji nao ukigoma, ndipo jamaa huuza ng'ombe ili apelekwe Bugando. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu wa Geita adha ya kungoja kivuko, lakini miezi iliyopotea nyumbani hairudishwi na daraja. Mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa kooni, na mara nyingi huthibitisha saratani ya umio iliyokwisha kukomaa.

Chombo hicho kina kazi bora kuliko hiyo. Saratani ya aina inayotawala Afrika Mashariki hutanguliwa kwa muda mrefu na mabadiliko katika utando wa umio, wala mtu hasikii maumivu. Kamera peke yake huweza kuyapita. Daktari akinyunyizia maji ya iodini, utando wenye afya hugeuka kahawia, na sehemu yenye hitilafu haishiki rangi. Hapo hunyofolewa kipande kidogo kikapimwe. Ikithibitika, sehemu hiyo huweza kuondolewa kupitia koo hilohilo, bila kupasua kifua.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya nchi tajiri. Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, iliwapima hivyo watu wasio na dalili yoyote, na zaidi ya mmoja katika kila kumi alikutwa na mabadiliko. Huko Cixian, China, wanavijiji walipimwa mara moja tu. Baada ya miaka 10 vifo vya saratani hiyo vilikuwa pungufu kwa theluthi moja hivi kuliko katika vijiji visivyopimwa.

Fedha je? Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye mgodi akubaliane kila mwaka na halmashauri juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Madarasa ni mema. Halmashauri za ukanda wa dhahabu zidai pia kamera, muuguzi aliyefunzwa, na mtaalamu wa kusoma vipande, ambaye ndiye husahauliwa kwanza. Si lazima kupima kila mtu. Waanze wavutaji wa tumbaku, wanywaji wa pombe kali, na wenye ndugu waliokufa kwa maradhi hayo.

Mwaka 1973 walimu walisimamia vikundi vya redio vya Mtu ni Afya, wakahimiza vyoo. Walimu na maofisa wa leo wanaweza kumwambia mzee wa kijijini asingoje hadi uji umshinde.