Mtoto haitiki, msimwite mkaidi

Wazazi wenzangu, mtoto akiitwa mara tatu haitiki, wengi wetu humwita mkaidi, na madrasa huchapwa. Kabla ya fimbo, mpelekeni akapimwe masikio. Huenda nyuma ya ngoma ya sikio kumejaa majimaji. Mara nyingi hayaumi wala hayatoki nje, ndiyo maana hayashukiwi.

Sikio la kati lina mrija mwembamba unaofunguka nyuma ya pua, nao ndio huingiza hewa na kutoa majimaji. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo mafua tu yanatosha kuuziba. Vinyama vya nyuma ya pua vikivimba navyo huuziba. Mtoto huyo mtamsikia akikoroma. Na baba anayevuta sigara ndani asitafute mchawi, moshi wake umo katika sababu. Chupa ya maziwa anayopewa mtoto akiwa amelala chali nayo imo. Anayenyonya kwa mama ana kinga zaidi.

Aghalabu majimaji huondoka yenyewe ndani ya miezi 3. Yakizidi hapo, arudishwe kwa daktari wa masikio. Mafuta ya uvuguvugu na vijiti vya pamba havifiki huko, ngoma imeziba njia. Kwa sasa ustadhi amketishe mbele.