Kijana, Jiko la Mkaa Halikupi Pumzi

Mimi nimerudi salama kutoka Biharamulo, ingawa vumbi la njiani bado sijalimaliza masikioni.

Jioni moja nilijikalia kijiweni karibu na stendi, pale vijana wa baiskeli wanapopumzika wakishashusha mikungu ya ndizi na magunia ya mkaa. Stori ilikuwa ya Alphonce Simbu. Wanaijua yote: Tokyo, Septemba 15, 2025, marathoni ya ubingwa wa dunia, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote saa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Kufumba na kufumbua, mtu kapoteza dhahabu!

Ndipo kijana mmoja mwembamba, mpenzi wa mashindano ya baiskeli, akanigeukia. "Shikamoo mzee. Eti kuna gesi Wazungu wanavuta inaongeza pumzi?"

Ningemjibu "ipo" nikanyamaza, yasingenikuta. Nikajitia ujuaji. Nikamwambia wakati wa Tour de France ya 2024 ilijulikana kuwa baadhi ya timu kubwa zina mashine ya kuvutia kaboni monoksaidi, zenyewe zikisema ni ya kupimia damu tu baada ya kambi za milimani.

Kijana akafikiri kidogo. "Kwani mzee, hiyo si ndiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa?"

Jamani, mwili ulinisisimka. Ikabidi nianze upya, safari hii bila mbwembwe.

Damu hubeba oksijeni kwa kitu kinachoitwa hemoglobini. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania hemoglobini hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo oksijeni inakosa siti kama abiria wa basi la sikukuu. Mwili ukiona umepungukiwa, figo hutoa homoni ya kuamrisha chembe nyekundu zaidi zitengenezwe. Hapo ndipo wajanja wanapopatamani. Lakini wale wana kipimo, wanavuta dakika chache, daktari yuko pembeni. Jiko halina kipimo. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, unadhani malaria inanyemelea, unajilaza. Asubuhi watu wanavunja mlango. Na wengi tunaosikia wamekufa hivyo hawakutafuta medali, walikuwa wanaota moto tu.

Wakubwa wa michezo nao wameshtuka. Chama cha baiskeli duniani, UCI, kilipiga marufuku uvutaji wa kurudiarudia Februari 2025, na tangu Januari 1, 2026 WADA imeifungia gesi hiyo isipokuwa kwa vipimo vya kitabibu. Zenoni ilifungiwa tangu 2014, ingawa wapanda milima hawabanwi na WADA: Mei 2025 Waingereza wanne waliivuta kabla ya kwenda Everest.

Kijana hakuridhika. "Mbona waliozaliwa Mbulu na Iten wanapata hewa nyepesi bure? Hao hawaibi?"

Swali lilinibana, nakiri. Tena yapo mahema ya hewa nyepesi, matajiri wanalala humo na WADA haijayakataza. Usafi wa sheria hizi una viraka. Ila mlima unakubadilisha taratibu, wiki kwa wiki, na ukizidiwa unashuka kwa miguu yako. Gesi hii inaanza kwa mwenye daktari wa kukodi, inaishia kwa mwenye jiko.

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza usiku wa mvua jiko lao linakaa wapi.

"Ndani mzee, wadogo zangu wanaota. Mlango tunafunga, baridi."

Chai yangu niliiacha mezani. Tukaongozana hadi kwao, jiko tukalitoa nje, dirisha tukalifungua. Mama yake akanishangaa, mgeni gani huyu anahamisha vyombo vya watu! Ikabidi nikae nimweleze na yeye.

Wiki ijayo, panapo majaliwa.