LUKU Inaijua Nyumba Yetu, Ofisi ya Ardhi Haiijui

Makamanda, fungueni ujumbe wa mwisho wa umeme mlionunua mwezi huu. Chini ya namba za tokeni kuna mstari mdogo ambao wengi wetu tunaupita tu: kodi ya majengo, 1,500. Ilianza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021 ikiwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 wakaipandisha. Kwa mwaka ni 18,000. Hakuna anayekuuliza hati. Hakuna anayekuuliza kama eneo limepimwa. Hata mpangaji wa chumba kimoja anakatwa, kisha aanze kubembelezana na mwenye nyumba amrudishie.

Mama yangu anaishi Mlabani, Ifakara. Anakatwa kila mwezi, na hajawahi kulalamika, maana ni mtu wa kulipa. Lakini nilipopata nafasi ya kusoma sheria na mkopo wa bodi ukaja nusu, alikwenda benki fulani kuomba mkopo mdogo, kiwanja kikiwa dhamana. Alibeba karatasi ya mauziano ya mwaka 2009: ukurasa wa daftari, saini nne, muhuri wa mwenyekiti. Mipaka imeandikwa hivi: kaskazini mwembe, kusini njia ya miguu. Mwembe ulishakatwa zamani. Yule afisa aliisoma, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Mama, hii kwetu si nyaraka."

Sasa nauliza. Serikali ile ile inayomtambua mama kila anaponunua uniti, kwa nini haimtambui siku anayohitaji kitu?

Najua jibu la darasani. Kulipa kodi ya jengo hakukupi umiliki wa ardhi. Ningeandika vinginevyo kwenye mtihani ningekula sifuri. Sawa. Lakini Sheria ya Ardhi ya 1999, Sura ya 113, haikuishia hapo. Kuanzia kifungu cha 57 hadi cha 60 inazungumzia urasimishaji, na watu inaowataja ni sisi hasa: wanaoishi kwenye maeneo ya makazi bila hati inayoonekana, japo ardhi waliilipia. Bunge liliwaona watu wa aina ya mama yangu miaka zaidi ya 20 iliyopita. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sheria haipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuibeba kutoka kwenye kitabu kuileta mtaani.

Na walijaribu kuileta, tena kwa mtindo wa "changieni wenyewe". Urasimishaji ukagawiwa kwa makampuni binafsi, na bei elekezi ikashushwa hadi 150,000 kwa kiwanja. Kwetu ilikuja kampuni moja, vijana wana vifaa vya kisasa, viatu vya porini, wakakusanya hela na kupanda vigingi. Hatukuwaona tena. Kigingi kimoja hadi leo jirani anafungia mbuzi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba bonde hili hili la Kilombero lilishaona jinsi kazi hii inavyoweza kufanyika. Programu ya Kuwezesha Umilikishaji wa Ardhi, iliyopata fedha za Uingereza, Sweden na Denmark, ilipita kwenye vijiji vya Kilombero, Ulanga na Malinyi, ikapima mashamba, ikatoa hati za hakimiliki za kimila. Kuna mkulima wa mpunga huko nje ana hati yenye ramani, na ndugu yake aliyejenga nyumba ya tofali za kuchoma hapa mjini ana ukurasa wa daftari. Mjini hapa tuna hadi kata inaitwa Viwanja Sitini. Jina lenyewe lina hesabu ndani yake! Kwa hiyo kuhesabu viwanja si sayansi ya anga.

Tuje kwenye muhuri. Ukinunua kiwanja kwenye eneo lisilopimwa, utaambiwa kuna "asilimia kumi ya ofisi". Kiwanja cha milioni 3, unaacha 300,000 mezani. Nimeitafuta hiyo asilimia kumi kwenye Sura ya 113, nimeitafuta kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Haimo. Kama kuna mahali ni ushuru wa halmashauri uliopitishwa kihalali, basi toa kumbukumbu namba nilipe serikalini nipate stakabadhi. Ukiona hela inaingia mfukoni na kinachotoka ni "asante sana mwanangu", jua umelipa kitu kingine. Halafu Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza mtu asiye wakili kuandaa nyaraka za mauziano ya ardhi kwa malipo. Yaani tunalipia kosa, na kosa lenyewe halitusaidii benki.

Kichekesho ni hiki. Mwaka 2019 wagombea wetu wa serikali za mitaa walikatwa kwa maelfu nchi nzima, eti hawakujua kujaza fomu, hadi chama kikajitoa. Novemba 27, 2024 tukarudi, wakakatwa tena, na CCM ikatangazwa kuchukua karibu asilimia 99 ya mitaa. Watu waliosema sisi hatujui kujaza fomu ndio wanaoandika "kaskazini mwembe".

Wengine mtasema, dada, hii ni karatasi tu, nyumba si ipo, mama si analala ndani? Waulizeni watu wa Kimara. Mwaka 2017, kando ya barabara ya Morogoro, zaidi ya nyumba 1,000 zilibomolewa kwa hoja ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande, hesabu yenye mizizi kwenye sheria ya barabara kuu ya mwaka 1932, enzi za Mwingereza. Kimara siyo kijiji, ni makazi ndani ya jiji: watu walikuwa na umeme, maji, namba za nyumba, risiti za kodi. Wengi waliinunua ardhi ile mbele ya viongozi wa mtaa, kwa muhuri. Siku tingatinga lilipofika muhuri haukuwa na mdomo. Waliitwa wavamizi.

Msiseme hiyo ni Dar. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, imefanya kila mtu aukumbuke mji huu, na bei ya viwanja imeshasikia harufu ya lami. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla yake ilikuwa 22.5. Ndiyo maana kuna X mbili. Ya kijani unalipwa, nyekundu unaondoka mikono mitupu. Upande mwingine tuna mto Lumemo, ambao ukijaa unaingia mjini, na masika ya 2024 watu wamelala juu ya meza. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inataka mita 60 kutoka mtoni. Nasema wazi, siipingi hiyo sheria, mto si wa kuchezea. Ninachopinga ni kumuuzia mtu kiwanja ndani ya mita 60 kwa muhuri wa serikali, kumkata kodi miaka yote, halafu kumwambia fidia hana kwa sababu hakupaswa kuwepo.

Na tusijifiche, na sisi tuna deni hapa. Kuanzia 2015 jimbo la Kilombero lilikuwa letu. Peter Lijualikali alifungwa miezi sita Januari 2017, Mahakama Kuu ikamwachia Machi, tukaimba barabarani. Mwaka 2020 akahamia CCM. Kuna makamanda hadi leo kazi yao ni kumtukana. Mimi nina swali lingine: katika miaka ile yote ya maandamano na nyimbo, ni nani kati yetu alikwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuomba kuona ramani ya mipango miji ya kata yake? Mimi nilikuwa mdogo, nimo kwenye kundi la waliosamehewa kwa umri, lakini wengine mlikuwa watu wazima na shahada zenu. Tulifikiri kazi ya upinzani ni kushinda uchaguzi. Uchaguzi ukichukuliwa, tunakaa na kuhesabu makosa ya fomu.

Kuomba ramani hakuhitaji kuwa diwani. Kusimama kwenye mkutano wa mtaa na kuuliza asilimia kumi iko kwenye sheria gani, hakuhitaji kadi ya chama chochote. Na ukiuliza kwa upole, utashangaa mama wa CCM anavyokuwa wa kwanza kupiga makofi, maana na yeye alilipa.

Narudi Ifakara likizo ijayo. Natengeneza daftari la viwanja vya sehemu yetu ya Mlabani: nani alinunua lini, mbele ya ofisi gani, alilipa ngapi na alipewa stakabadhi gani, na kama alichangia ile 150,000 ya kupimiwa. Majina hayatawekwa mtandaoni. Orodha itaambatanishwa kwenye barua ya kuomba urasimishaji kwa kifungu nilichotaja, nakala kwa Mkurugenzi wa Mji na kwa Kamishna wa Ardhi, na tutadai muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yetu. Huo muhuri nautaka sana. Ukiwa na mzazi au shangazi Mlabani, mpigie leo aanze kutafuta karatasi yake, na ujumbe wa LUKU wa miezi mitatu asiufute.