Unyamavu wa Kisanduku cha Sauti

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mghani wa kasida mwenye sauti ambayo ukiisikia kutoka dirishani huna budi kusimama, alinijia baada ya sala ya Alasiri akiwa na fedha alizodunduliza kwa muda wa miezi kumi na minne, na karatasi aliyoandika majina ya vifaa vitatu, akataka nimchagulie kimoja. Vyote vitatu vilikuwa aina ya kile kisanduku ambacho mafundi wetu wa studio hukiita saundi kadi, na wauzaji hukiita intafesi ya sauti; yaani chombo kikaacho baina ya maikrofoni na kompyuta, kikaupokea umeme dhaifu utokao katika maikrofoni, kikaukuza, kisha kikaugeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta huweza kuzihifadhi, na wakati wa kusikiliza kikazirejesha tarakimu hizo kuwa sauti. Alichokipenda zaidi kilikuwa na matundu manane ya maikrofoni. Nilipomuuliza ni watu wangapi wataimba pamoja katika chumba chake, alijibu kuwa ni yeye peke yake, na mara mojamoja mdogo wake apigaye dufu.

Namshukuru kwa kuuliza kabla ya kununua, kwani wengi huuliza baada. Wala hawana lawama, maana kifaa hiki huuzwa kwa hesabu za kuvutia macho: matundu mangapi, taa ngapi, sampuli elfu ngapi kwa sekunde, na mtu asiyekuwa na mwalimu karibu yake hudhani kuwa hesabu kubwa ndiyo sauti njema. Rai yangu ni kinyume cha hayo, nami naishikilia kwa yakini ya mtu aliyepoteza kitu kisichonunulika: kwa yule arekodiye nyumbani, kisanduku cha sauti kichaguliwe kwa unyamavu wake kabla ya jambo jingine lolote, yaani kwa uwezo wake wa kuikuza sauti ndogo pasi na kuichanganya na kelele yake mwenyewe.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na mjomba, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, aliyepiga udi tangu ujana wake na aliyehifadhi kichwani lahani ambazo wenzake waliozijua walikwisha kutangulia mbele ya haki. Baada ya kumbembeleza kwa muda mrefu alikubali nimrekodi chumbani kwake, kila Ijumaa baada ya sala ya Isha. Nilinunua kisanduku kilichokuwa na umbo zuri na kilichoandikwa 192 kwa tarakimu kubwa ubavuni, nikakiona kuwa fahari. Lakini mjomba alikuwa mzee. Vidole vyake viligusa nyuzi kwa upole kama mtu apapasaye shavu la mtoto aliyelala, na ili sauti ile ifike katika kompyuta kwa kadiri ya kusikika, ilinibidi nizungushe kitufe cha kukuzia mpaka mwisho wake. Hapo ndipo kisanduku kilipoanza kunena maneno yake mwenyewe: mvumo mwembamba, usiokatika, mfano wa mvua ya mbali inyeshayo juu ya makuti. Nilidhani nitauondoa baadaye. Mjomba alifariki kabla ya mwaka kwisha, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nyimbo kumi na moja alizoniachia zote zina mvua ile ndani yake. Nimejaribu programu kadha wa kadha za kusafisha sauti. Kila moja huuondoa mvumo, lakini huondoka pia na pumzi ya uzi, ile sehemu ya mwisho ambapo sauti inafifia na msikilizaji anainama mbele kuifuata.

Sababu ya jambo hili si siri, na yafaa kila mnunuzi aifahamu. Maikrofoni ya dainamiki kama Shure SM58, ambayo imekuwako tangu mwaka 1966 na haikosekani katika kumbi zetu, hutoa chini kidogo ya milivolti 2 inapofikiwa na sauti ya desibeli 94, ambayo ni kama sauti ya mtu aimbaye kwa nguvu karibu nayo. Msomaji wa utenzi asomaye kwa utulivu huenda akatoa sehemu ya kumi ya hiyo, au pungufu. Umeme huo mdogo sharti ukuzwe mara mia kadhaa, pengine mara elfu, kabla haujafaa kugeuzwa kuwa tarakimu, na kazi hiyo hufanywa na sehemu ya kisanduku iitwayo priampu. Mara elfu ndizo desibeli 60, na ndicho kiasi ambacho Shure wenyewe husema kuwa maikrofoni yao nyingine mashuhuri, SM7B, yakihitaji kwa uchache. Sasa tazama: kisanduku cha Focusrite Scarlett 2i2 cha toleo la tatu, ambacho kimeenea sana katika studio za nyumbani, kilikuwa na nguvu ya kukuza ya desibeli 56, toleo la nne, lililotoka mwaka 2023, lina desibeli 69. Tofauti ya 13 huonekana ndogo katika karatasi, ilhali maana yake ni kuukuza umeme ule zaidi ya mara nne ya hapo kwanza. Habari kama hii haiandikwi ubavuni mwa boksi kwa tarakimu kubwa, nayo kwa mghani wa kasida ina thamani kuliko matundu sita asiyokuwa na mtu wa kuyachomeka.

Lakini nguvu ya kukuza bila unyamavu ni sawa na kuinua jiwe pamoja na tope lake. Katika karatasi ya vipimo unyamavu wa priampu huandikwa kwa herufi EIN, kwa tarakimu yenye alama ya kutoa mbele yake. Iliyo karibu na 128 ni njema sana, na haitazamiwi kupita mbali takriban 131, kwa kuwa hapo kelele inayobaki ni ya joto la waya wenyewe, ambayo hakuna fundi aliyejaaliwa uwezo wa kuizima. Na ikiwa karatasi haipo, masikio yapo. Nenda dukani na hedifoni yako mwenyewe na maikrofoni yako mwenyewe, omba feni izimwe, ifunike maikrofoni kwa nguo nzito, zungusha kitufe cha kukuzia mpaka mwisho, usikilize. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kisanduku cha pili. Muuzaji mwema atakupa dakika kumi hizo. Asiyekupa, duka la jirani liko wazi.

Wapo watakaosema kuwa dawa ya yote haya ni kununua maikrofoni ya kondensa, ambayo hulishwa umeme wa volti 48 na kisanduku chenyewe na ambayo aghalabu hutoa sauti yenye nguvu mara kumi au zaidi kuliko ya dainamiki, hata priampu isitaabike. Ni kweli, na katika chumba tulivu singepinga. Ila nyumba zetu zina madirisha ya wavu na kuta zinazopakana, na maikrofoni ile humsikia mwimbaji, ikamsikia na jogoo wa jirani, na bodaboda ipandayo mlima, na muuza kahawa agonganishaye vikombe vyake. Nimewaona watu wakiirudisha dukani wakidhani ni mbovu, kumbe inafanya kazi yake kwa uaminifu mno.

Sasa nirudi kwenye ile 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde. Kanuni ambayo wahandisi huinasibisha na Harry Nyquist na Claude Shannon, na ambayo Shannon aliitolea uthibitisho katika makala aliyoichapisha mwaka 1949, yasema kuwa mtetemo wowote waweza kuhifadhiwa bila upungufu maadamu idadi ya sampuli kwa sekunde yazidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa utakiwao. Sikio la binadamu, tena la kijana mwenye siha njema, hukoma kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana diski ya CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ilitosheka na sampuli 44,100, na ndiyo maana 48,000 zatosha kwa kila kazi itakayofanyika chumbani mwa yule kijana. Kurekodi kwa 192,000 ni kujaza diski mara nne kwa kitu ambacho hakuna asikiaye: saa moja ya sauti moja kwa biti 24, ambayo kwa 48,000 huchukua takriban megabaiti 518, hupanda ikazidi gigabaiti 2, na kompyuta iliyonunuliwa mkono wa pili huanza kukwama katikati ya ubeti. Tarakimu yenye faida ya kweli ni hiyo ya biti. Biti 16 hutoa nafasi ya desibeli 96 baina ya sauti ndogo na kubwa, ilhali 24 kwa hesabu hutoa 144, na ijapokuwa vifaa vizuri hufikia 110 hadi 120 tu, nafasi hiyo yamruhusu mwenye kurekodi kuiweka sauti chini kwa utulivu, ili mwimbaji akipandwa na hisia akapaza ghafla, sauti isipasuke. Na biti 24 sasa zimo katika karibu kila kisanduku, hata cha bei ya chini. Kwa hiyo hapo hapana cha kulipia zaidi.

Jambo ambalo ningeliweka la pili baada ya unyamavu ni kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haipokei sampuli mojamoja, bali huzikusanya katika mafungu, na fungu la sampuli 1024 kwa mwendo wa 48,000 ni milisekunde 21. Sauti ikiingia na kutoka imekwisha kupoteza 42 na zaidi, hata mwimbaji akajisikia katika hedifoni kana kwamba sauti yake inatoka kwenye spika iliyosimamishwa mita 14 kutoka aliposimama. Hakuna awezaye kushika mahadhi namna hiyo. Fungu la 128 hulitatua jambo, lakini ni draiva nzuri tu, ile programu iunganishayo kisanduku na kompyuta, iwezayo kulistahimili bila kukatakata sauti. Kwa kompyuta za Windows draiva hiyo huwa ya mtindo wa ASIO, uliobuniwa na Steinberg wa Ujerumani mwaka 1997, nayo sharti itengenezwe na mtengenezaji wa kisanduku mwenyewe na kuhuishwa kila Windows inapobadilika. Hapa ndipo penye hatari ya vile vifaa visivyo na jina wala makao: kifaa chaweza kuwa na moyo mzuri wa umeme, lakini baada ya miaka mitatu mtengenezaji hajulikani alipo, na kisanduku kizima kinakuwa kizito cha kushikia karatasi. RME, Wajerumani wengine, wamejipatia sifa kwa kuendelea kuzitunza draiva za vifaa vyao vya zamani, na japo bei yao iko mbali na mfuko wa kijana wetu, laiti wote wangeiga adabu hiyo. Kisanduku kiwe pia na kitufe cha kumwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijapita katika kompyuta. Hicho huondoa nusu ya tatizo bila gharama.

Kuhusu umeme nitasema machache. Chagua kisanduku kilishwacho na waya wa USB peke yake, ili umeme ukikatika kompyuta na kisanduku viendelee kwa betri, na ikiwa wasikia mngurumo mzito katika hedifoni, chomoa chaja ya kompyuta kwanza kabla ya kumlaumu mtu, kwani nyumba nyingi hazina waya wa ardhi wa kuaminika.

Siwadharau wahitajio matundu mengi. Kikundi cha taarabu chenye kanuni, udi, fidla mbili, akodiani, dumbaki na waitikiaji, kikitaka kurekodiwa kwa pamoja kama kinavyopiga, matundu manane ni haki yake, na pengine hayatoshi. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walilazimika kuvuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zipate kuingia katika santuri; leo kazi ile yaweza kufanyika ukumbini mwao wenyewe, na mwenye uwezo wa kukinunulia kikundi kama hicho kisanduku kikubwa na chema angefanya jambo la kushukuriwa. Walakini mtu mmoja na dufu si kikundi.

Kijana alikwenda, akapima kwa hedifoni yake kama nilivyomweleza, akarudi na kisanduku cha matundu mawili ambacho hakikuwamo hata katika karatasi yake. Kwa fedha iliyosalia alinunua maikrofoni moja ya dainamiki, kebo nzuri, kisimamo, na mablanketi mawili mazito ya kutundika ukutani. Ijumaa iliyopita alinialika nyumbani kwao, kwa kuwa mtu wa kwanza aliyeazimia kumrekodi hakuwa yeye mwenyewe, bali bibi yake, ambaye amehifadhi utenzi mrefu aliofundishwa na nyanya zake na ambaye sauti yake siku hizi haivuki kizingiti. Tulipokuwa tunaweka maikrofoni, shubiri moja kutoka midomoni mwake, umeme ukakatika. Feni ikasimama, friji ya upande wa pili ikanyamaza, nasi hatukusikitika. Kompyuta iliendelea. Kijana alizungusha kitufe, akavaa hedifoni, akafumba macho kusikiliza kimya cha chumba, kisha akanipa nami nisikilize. Nilitafuta ile mvua juu ya makuti kwa muda, nikaikosa.

“Chombo chenu kimeshaanza kusikia?” bibi aliuliza.

“Kinasikia, bibi.”

Alijitanda kanga yake vizuri, akakohoa kidogo, akaanza.