Tuulize mkono ni wa nani kabla ya kuinamisha vichwa

Ada ya kuwekea watu mikono imeshamiri mno katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, ni nadra wiki kupita bila bango jipya kuwaalika wapita njia waje wawekewe mikono ili wapone, wafunguliwe, wapate kazi au wafaulu mtihani. Shuleni nako, watahiniwa wa kidato cha nne hukusanywa kwa siku ya maombi, kalamu zao zikabarikiwa na vichwa vyao vikashikwa na mhubiri aliyealikwa. Nadhani wakati umewadia kwa walimu na wanafunzi kulitazama jambo hili kwa makini, bila kejeli na bila woga.

Mimi ni mwanaisimu, si mwanatheolojia. Kwa hiyo nitaanzia pale ninapopafahamu, yaani kwenye neno lenyewe. Kitenzi "weka" kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huwa "wekea", na katika kauli ya kutendewa huwa "wekewa". Kikuyu nacho hufuata njia iyo hiyo kinaposema "kũigĩrĩrwo moko". Sentensi ya kauli hii huwa na watu wawili: mtendewa, anayetajwa mwanzoni, na mtenda, anayeletwa na neno "na". Sarufi inaturuhusu kumwacha mtenda iwapo hatumjui, au iwapo hatutaki ajulikane. Hapo ndipo penye shaka. "Njoo uwekewe mikono," bango linasema. Na nani? Pengine picha ya mhubiri ipo, na jina lake limeandikwa kwa wino mwekundu. Lakini yeye naye aliwekewa mikono na nani? Nani alimfunza, nani alimtuma, na akikosea atamjibu nani? Mtenda huyo wa pili hatajwi kamwe.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika lugha yetu kitenzi hiki hubeba uzito wa wajibu. Tunamwekea mtu dhamana mahakamani, na akitoroka tunalipa sisi. Kutia mkono kwenye hati ni kujifunga nayo. Hata vijana wa mitaani, wanapolalamika kwamba mwenzao "amewekelewa" kosa asilolitenda, wanajua kwamba kila kinachowekwa juu ya mtu kina aliyekiweka.

Maandiko ya Kikristo nayo hayasemi kinyume cha hayo. Musa alimwekea Yoshua mkono mbele ya umati wote ili ijulikane nani atawaongoza. Haruni aliweka mikono juu ya kichwa cha mbuzi, na dhambi za taifa zikawa mzigo wa mnyama yule. Mitume waliwawekea mikono wale saba waliochaguliwa kugawa chakula cha wajane, kazi ya uaminifu ambayo haikuwa na makelele yoyote. Ni kweli kwamba wagonjwa pia waliwekewa mikono wakapona, na sina nia ya kulipinga hilo. Lakini Paulo alimwonya Timotheo asiwe mwepesi wa kumwekea mtu mikono, asije akashiriki dhambi za wengine. Naye Simoni, aliyetaka kuinunua karama hiyo kwa fedha, alikemewa vikali. Anayeweka mkono, basi, ni mdhamini, na udhamini wake hauuzwi.

Historia ya eneo hili inatuonyesha watu waliolichukua swali hilo kwa uzito mkubwa. Mwaka 1929, mzozo kuhusu tohara ya wasichana ulipopamba moto, baadhi ya misheni za Kiprotestanti, ikiwemo ile ya Waskoti iliyokuwa na vituo Thogoto na Tumutumu, ziliwataka waumini watie sahihi au alama ya kidole gumba kuthibitisha kwamba wameikana desturi hiyo. Alama hiyo iliitwa kirore, na jina hilo likawaganda walioiweka. Waliokataa walijiita karing'a. Leo ukeketaji ni kosa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011, nami siutetei hata kidogo. Ninachotaka tukione ni yale yaliyofuata.

Waliojitenga walijenga shule zao wenyewe na kuunda vyama vya kuzisimamia. Hata hivyo, walikuwa na upungufu mmoja ambao mawe na michango havingeweza kuuziba. Hawakuwa na padri. Nani angebatiza watoto wao? Ingekuwa rahisi kwa yeyote mwenye sauti kubwa kusimama na kujitangaza, lakini viongozi wao hawakuridhika na njia hiyo. Walimwalika Daniel William Alexander, Askofu Mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika kutoka Afrika Kusini. Alifika mwishoni mwa mwaka 1935, akafungua chuo cha mafunzo ya upadri huko Gituamba, Murang'a, na kabla ya kuondoka mwaka 1937 akawawekea mikono mapadri wa kwanza, Arthur Gatung'u Gathuna akiwa miongoni mwao.

Alexander mwenyewe aliweza kujibu swali kuhusu mkono wake. Aliwekewa mikono mjini Boston mwaka 1927 na George Alexander McGuire. McGuire aliwekewa mjini Chicago mwaka 1921 na Joseph René Vilatte, na Vilatte aliwekewa mjini Colombo mwaka 1892. Makanisa makubwa yaliutilia shaka mnyororo huo. Baadhi ya waumini wa huku pia hawakutosheka, wakaendelea kutafuta hadi Upatriaki wa Kiorthodoksi wa Alexandria ulipowapokea mwaka 1946. Hata hivyo, ulikuwa mnyororo unaoweza kuchunguzwa pete kwa pete. Wakulima ambao serikali ya kikoloni iliwaona kuwa washenzi waliuliza swali ambalo sisi wenye shahada tumeacha kuuliza.

Wapo watakaoniambia kwamba Roho haombi vyeti. Watanikumbusha Akurinu, wenye vilemba vyeupe, ambao walichipuka katika miaka ya 1920 bila kuwekewa mikono na askofu yeyote. Nakubali, na ninawaheshimu. Watatu kati yao, Joseph Ng'ang'a akiwemo, waliuawa na polisi katika msitu wa Ndaragu mwaka 1934. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu. Ng'ang'a aliishi na wafuasi wake na akafa nao. Hakuondoka na sadaka jioni kuelekea mji mwingine. Wengine watasema kwamba makanisa yenye maaskofu na mabaraza ya wazee nayo yana maovu yake. Hilo pia ni kweli. Tofauti ni kwamba mtu akidhulumiwa na padri wa jimbo au mchungaji wa presbiteri, upo mlango wa kubisha na mkubwa wa kushtakiwa. Aliyedhulumiwa na mhubiri asiye na wa kumjibu atabisha wapi?

Swali hili si la mabishano ya darasani. Mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu waliomfuata mhubiri aliyewahimiza wafunge hadi kufa. Sisemi kwamba kila mkono uwekwao juu ya kichwa unaelekea huko. Nasema kwamba mtoto aliyezoeshwa shuleni kutouliza mkono ni wa nani hatajua kuuliza atakapokuwa mtu mzima. Katika darasa moja mtakuta msichana mwenye kifafa anayetumia dawa kila siku, mvulana Mwislamu, na mwingine asiyependa kuguswa na mtu asiyemfahamu. Mkono unapofika kichwani mwao mbele ya shule nzima, nani atathubutu kusema hapana? Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba hakuna mtu atakayelazimishwa kutenda lolote lililo kinyume na imani yake. Lango la shule halikuandikwa humo kuwa mpaka wa haki hiyo.

Mwaka 2016, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipiga marufuku siku za maombi katika muhula wa tatu kwa hofu ya wizi wa mitihani. Mimi siombi marufuku. Naomba walimu wakuu wamwulize kila mgeni maswali matatu kabla ya kumfungulia ukumbi. Kwanza, nani alikuwekea mikono, na tukiwa na malalamiko tumwandikie nani? Pili, je, utakusanya sadaka kutoka kwa watoto hawa? Tatu, je, utawaambia waziwazi kwamba asiyetaka kuguswa anaweza kubaki kitini, na kwamba anayetumia dawa aendelee kuitumia? Mhubiri wa kweli hatachukizwa na maswali hayo. Atakayechukizwa amekwisha kuyajibu.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba mkono juu ya kalamu utajaza ukurasa ambao hamkuusoma. Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Walinena pia kwamba mkono mmoja haulei mwana, na mikono iliyowalea ninyi mnaijua: ya mzazi aliyechuma majani ya chai au kahawa ili karo ipatikane, na ya mwalimu aliyesahihisha insha zenu usiku. Mikono hiyo ina majina, na ikikosea inajulikana iliko. Atakapokuja mwingine kuomba vichwa vyenu, mtakeni naye ajitambulishe vivyo hivyo.