Barua ya Wazi kwa Wizara ya Ulinzi: Dodoso Lisijazwe Mbele ya Kamanda

Ndugu Katibu Mkuu, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, Dodoma,

Nakuandikia kama mtakwimu. Siku mtakapotaka kujua askari wetu wanakunywa pombe kiasi gani, au wangapi hawapati usingizi tangu warudi kutoka kulinda amani Kongo, naomba dodoso lisiwe na jina wala namba ya jeshi, na kamanda asiwepo likijazwa.

Marekani walilipima jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha majibu ya askari waliotoka vitani: fomu ya kawaida yenye jina, na dodoso lisilo na jina. Kwenye dodoso la siri, dalili za sonona, za kiwewe cha vita na mawazo ya kujiua zilitajwa mara mbili hadi nne zaidi. Sishangai. Askari akikiri kwamba halali, anahofia kuenguliwa kwenye orodha ya misheni, na posho ya misheni ndiyo inayomalizia nyumba yake. Hata mimi ningeandika kwamba nalala fofofo.

Siri peke yake haitoshi. Utafiti mkuu wa mienendo ya afya katika jeshi la Marekani ulijibiwa na takriban asilimia 70 mwaka 2008, askari walipokusanywa makambini kujaza karatasi. Mwaka 2015, kupitia intaneti, walijibu chini ya asilimia 10. Sisi watakwimu hurekebisha pengo kwa kuwapa waliojibu uzito kulingana na cheo, umri na jinsia. Lakini kapteni mlevi aliyekaa kimya hawakilishwi na kapteni mwenzake asiyeonja pombe, hata tukimhesabu huyo mara kumi.

Tena, msichukue askari 1,000 kutoka kambi mbili mkadhani mna watu 1,000. Wanaolala bweni moja na kunywa kantini moja hufanana; taarifa mnayopata ni ndogo kuliko idadi yao. Heri wachache kutoka kambi nyingi.

Msiwalinganishe na raia wote pia, kwani jeshini wengi ni vijana wa kiume. Na majedwali yasigawanywe katika vikundi vidogo mno: kikosi chenye meja mmoja mwanamke kikitajwa, siri yake imekwisha.

Ripoti ikitoka, kiwango cha waliojibu kwa kila cheo kiwe ukurasa wa kwanza, kabla ya asilimia nyingine yoyote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtakwimu, Morogoro